Jinsi ya Kuyatembelea Maporomoko ya Chamarel Kisiwani Morisi

Kila anayejiandaa kwenda Morisi kwa mara ya kwanza huuliza maswali yale yale kuhusu Chamarel: je, itambidi apande mlima kwa miguu, je, mama yake mwenye umri wa miaka sabini ataweza kufika, je, watu huogelea pale, na je, ni lazima anunue safari ya kundi hotelini? Majibu ya haraka ni kwamba hakuna mlima wa kupanda kwa miguu, mama atafika, hakuna kuogelea mahali watalii wanaposimama, na safari ya kundi si lazima hata kidogo. Maelezo yanayofuata yameandikwa kwa ajili ya mtu anayekwenda peke yake au na familia, bila kampuni ya utalii.

Maporomoko haya yako kusini-magharibi mwa kisiwa, karibu na kijiji cha Chamarel. Maji huanguka kutoka urefu unaokaribia mita 100, yakishuka kwa mkupuo mmoja kwenye ukuta wa mawe meusi ya volkeno hadi kwenye bwawa lililozungukwa na msitu. Uzuri wake kwa mgeni ni kwamba gari hukufikisha karibu kabisa na ukingo wa korongo, na kutoka maegesho hadi mahali pa kutazamia ni mwendo wa dakika chache. Kwa hiyo ugumu hauko kwenye maporomoko yenyewe, bali katika mambo matatu yanayotangulia: majira utakayochagua, saa utakayofika, na barabara utakayopandia.

Mahitaji kabla ya kuanza

Kwa upande wa karatasi, wenye pasipoti za Kenya na Tanzania hawalazimiki kuomba visa mapema kwa matembezi ya muda mfupi, lakini ofisa wa uhamiaji anaweza kudai kuona tiketi ya kurudi, mahali utakapolala na uthibitisho kwamba una fedha za kujikimu. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na hakikisha chanjo imefanyika angalau siku kumi kabla ya safari. Kwa kuwa Morisi haina malaria na inataka kubaki hivyo, maofisa wa afya hufuatilia wageni waliotoka katika nchi zenye ugonjwa huo, na huenda mmoja wao akakufikia hotelini kuchukua tone la damu. Usishtuke wala kudhani umeshukiwa jambo. Ni utaratibu wa kawaida.

Kwa siku yenyewe ya matembezi, utahitaji:

- viatu vyenye soli inayoshika, kwa sababu ngazi huwa na unyevu hata siku ya jua;
- koti jepesi la mvua, ambalo ni bora kuliko mwavuli kwa kuwa upepo wa korongoni huupindua mwavuli;
- rupia za Morisi taslimu, hata kama una kadi ya benki;
- maji ya kunywa, kofia na mafuta ya kukinga jua;
- ramani iliyopakuliwa kwenye simu kabla ya kutoka hotelini, maana mtandao hupotea kwenye baadhi ya kona za mlimani;
- leseni ya udereva, na ikiwezekana ile ya kimataifa, kama utakodi gari.

Chaja yako ya pini tatu unayotumia Nairobi au Dar es Salaam itaingia kwenye soketi za huko bila adapta. Saa ya Morisi iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Jihadhari pia na lugha ya saa: ukimwambia dereva wa huko kwa Kiingereza akuchukue saa «tatu», ukiwa na maana ya saa tatu asubuhi, atakuja alasiri.

Hatua kwa hatua

1. Chagua majira kabla ya kununua tiketi ya ndege. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa hutazama bei ya tiketi peke yake. Kisiwa kina majira mawili makubwa: ya joto na mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na ya baridi kidogo na ukavu, kuanzia Mei hadi Oktoba. Januari hadi Machi maji huwa mengi na sauti yake husikika kabla hujaliona korongo, lakini huo ndio wakati wa vimbunga, na mvua ya siku mbili inaweza kukuharibia ratiba nzima. Septemba na Oktoba barabara ni kavu na anga ni safi, ila maji huwa yamepungua, na mgeni aliyeona picha za Februari hujiona amedanganywa. Kwa maoni yangu, wakati unaofaa kwa anayeanza ni mwishoni mwa Aprili hadi Juni: mvua kubwa zimepita, mito bado ina maji, na joto halichoshi.

2. Amua utafikaje. Njia ya kwanza ni kukodi gari. Morisi hupita kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hiyo dereva wa kwetu hahitaji kujifunza upya, na gari dogo linatosha kwa sababu barabara ni ya lami hadi ndani ya eneo. Njia ya pili ni teksi ya siku nzima, ambayo inafaa sana kwa familia yenye wazee. Teksi za huko kwa kawaida haziendeshwi kwa mita, hivyo elewana bei, idadi ya vituo na saa ya kurudi kabla mlango haujafungwa. Njia ya tatu, iliyo nafuu kuliko zote, ni basi kutoka mji wa Quatre Bornes. Kutoka Port Louis itakubidi uende kwanza Quatre Bornes, kisha ubadilishe. Mabasi ya kwenda Chamarel ni machache, na kutoka kijijini hadi kwenye lango utatembea kando ya barabara. Ukichagua njia hii, itenge siku nzima, na jambo la kwanza la kumuuliza kondakta liwe saa ya basi la mwisho la kurudi.

3. Ondoka mapema. Lenga kuwa langoni karibu na saa tatu asubuhi. Mabasi ya makundi ya watalii hufika kuanzia saa nne na kuendelea, na mawingu ya mlimani hupenda kukusanyika mchana. Tofauti ya saa moja tu inaweza kukupa ukingo wa kutazamia ukiwa na watu watano badala ya hamsini. Njiani, kabla hujaiacha miji, nunua *dholl puri*: ni chapati nyembamba laini yenye unga wa dengu za njano ndani, hupakwa mchuzi wa maharage na achari, na hushibisha kwa bei ndogo kuliko chakula chochote utakachokikuta karibu na kivutio.

4. Chagua barabara ya kupandia. Zipo tatu. Anayetoka pwani ya magharibi, yaani Flic en Flac au Tamarin, hufuata barabara ya pwani hadi Case Noyale, kisha hukata kushoto na kuanza kupanda mlima wenye kona kali. Anayetoka kusini au uwanja wa ndege hupitia Souillac na Bel Ombre hadi Baie du Cap, kisha hupanda kutoka huko. Anayetoka katikati ya kisiwa, upande wa Curepipe, hupita Plaine Champagne, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Black River Gorges, na hii ndiyo njia ndefu kidogo lakini yenye mandhari nyingi zaidi ya msitu. Ushauri wangu ni kupanda kwa Case Noyale na kurudi kwa Plaine Champagne, ili usiione barabara moja mara mbili.

5. Panda taratibu, na usimame pale panaporuhusu. Barabara ya Case Noyale ni nyembamba na ina kona zinazojikunja kama nyoka. Piga honi fupi kabla ya kona isiyoonyesha mbele, wape mabasi nafasi, na usisimame kupiga picha katikati ya kona. Juu kidogo kuna mahali pa kuegesha panapoonyesha bahari, kisiwa kidogo cha Bénitiers na mlima wa Le Morne. Mlima huo wenye urefu wa mita 556 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, kwa sababu watumwa waliotoroka mashambani walijificha katika mapango yake na kileleni. Msomaji wa pwani yetu ana sababu ya pekee ya kusimama hapa: mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, na watu wengi waliochukuliwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki na Msumbiji waliishia katika mashamba ya kisiwa hiki.

6. Lipa langoni na utunze tiketi. Maporomoko yako ndani ya shamba la watu binafsi, pamoja na ardhi ya rangi saba inayojulikana kote kisiwani, na tiketi moja hukuruhusu kuona vyote viwili. Mgeni hulipa zaidi ya mkazi wa kisiwa, kwa hiyo usilinganishe na bei uliyosikia kwa rafiki anayeishi huko. Hakuna haja ya kununua tiketi kwa mtu anayekufuata barabarani au hotelini. Dirisha la langoni ndilo mahali pake.

7. Simama kwenye maporomoko kwanza. Ukishapita lango, barabara ya ndani hupita kwenye maegesho ya maporomoko kabla ya kuendelea kwenye ardhi ya rangi. Watu wengi hulipita eneo hili kwa haraka ya kuwahi rangi, wakisema watasimama wakirudi, na wakirudi hukuta wingu au mabasi matatu ya watalii. Egesha, funga vioo, usiache begi likionekana kwenye kiti, kisha ufuate njia ya miguu.

Kuna mahali pa kutazamia pa chini, karibu na maegesho, na mahali pa pili, pa juu, panapofikiwa kwa ngazi. Mzee, mjamzito au mtu mwenye magoti mabovu atosheke na pa chini, kwa sababu maporomoko huonekana vizuri na hakuna anachokosa cha maana. Mwenye nguvu apande pia juu, kwa kuwa ni kutoka huko ndipo utaona jinsi mto unavyotoka msituni kimya kimya, ukafika kwenye ukingo na kutoweka ghafla. Kaa angalau dakika ishirini. Ukiwa na subira utawaona ndege weupe wenye mkia mrefu kama unyoya mmoja, ambao wenyeji huwaita *payanke*, wakizunguka ndani ya korongo chini ya usawa wa macho yako. Ndege huyo ndiye nembo ya shirika la ndege la taifa la Morisi.

Kwa picha, weka simu yako upande wa wima, ifute kioo cha kamera kila baada ya dakika chache kwa sababu ya unyevu, na usitumie mwanga wa simu. Anayetaka kurusha droni aulize langoni kwanza.

8. Endelea hadi kwenye ardhi ya rangi saba. Ni mwendo mfupi wa gari. Hapa utaona vilima vidogo vya udongo mtupu usioota hata jani, wenye rangi nyekundu, kahawia, zambarau na nyinginezo. Mawe ya volkeno yaligeuka udongo kwa muda mrefu, na madini ya chuma na alumini yaliyobaki ndiyo yanayotoa rangi hizo. Uzio wa mbao umezunguka eneo lote, na hakuna ruhusa ya kukanyaga udongo. Jirani kuna kobe wakubwa wa jamii ya Aldabra, ambao huwafurahisha watoto kuliko maporomoko na udongo kwa pamoja. Usiwalishe mabaki ya chakula chako.

9. Kula kijijini, kisha urudi kabla ya giza. Migahawa ya Chamarel hujivunia nyama ya pori, na hapa Mwislamu anapaswa kuwa macho: *sanglier*, au *koson maron* kwa Krioli, lugha ya wenyeji, ni nguruwe pori. Samaki, kuku na mboga hupatikana, na ukiuliza kuhusu chakula cha halali utaeleweka mara moja, kwa kuwa kisiwa kina jamii kubwa ya Waislamu. Kijijini pia kuna kiwanda cha kutengeneza ramu ambacho wageni huonjeshwa. Dereva asionje, kwa sababu kiwango cha pombe kinachoruhusiwa barabarani ni kidogo sana, na barabara ya kushukia imekwisha kuelezwa.

Makosa yanayorudiwa na wageni

Kosa kubwa kuliko yote ni kuvuka uzio ili kupata picha ukiwa ukingoni. Mawe ya juu ya maporomoko yana kuvu laini inayoteleza kama sabuni, na chini yako ni korongo lenyewe. Hakuna picha itakayoonyesha zaidi ya ile inayopigwa kutoka mahali palipotengwa.

Linalofuata ni kujaribu kushuka hadi bwawani bila mtu anayeijua njia. Mteremko wa kufika chini upo, lakini ni mkali, una matope na mizizi, na si sehemu ya matembezi haya mepesi. Anayeutaka atafute mwongozaji mwenye uzoefu, aende siku isiyo na mvua, na ajue kwamba mvua iliyonyesha mlimani huweza kuujaza mto ghafla hata kama mahali aliposimama kuna jua. Anayetaka tu kuogelea aende baharini, ambako pwani ya Le Morne haiko mbali.

Wengine hupanga Chamarel, Grand Bassin, Curepipe, Port Louis na ufuo wa kaskazini kwa siku moja, kwa kuwa kwenye ramani kisiwa kinaonekana kidogo. Ni kidogo kweli, lakini foleni za kuingia na kutoka mijini jioni hazitofautiani sana na za kwetu. Chamarel na kituo kingine kimoja au viwili vya jirani vinatosha.

Mambo yakienda mrama

*Umefika na ukungu umefunika kila kitu.* Usiondoke. Nenda kwenye ardhi ya rangi kwanza, tumia nusu saa huko, kisha urudi maporomokoni ukiwa bado ndani ya lango. Ukungu wa Chamarel huja na kuondoka upesi.

*Maji yana rangi ya kahawia.* Mvua kubwa imenyesha usiku uliopita. Yatatulia baada ya siku moja au mbili. Kama una muda, badilisha siku, na kama huna, yafurahie kwa wingi wake.

*Mtoto ametapika kwenye kona.* Simama mahali salama, mpe maji kidogo kidogo, mhamishie kiti cha katikati anakoona barabara mbele, na uendeshe kwa mwendo wa polepole zaidi. Tangawizi ya kutafuna kabla ya kuanza kupanda huwasaidia watu wazima.

*Breki zinatoa harufu wakati wa kushuka.* Umezikanyaga mfululizo. Egesha mahali tambarare kwa dakika kumi na tano bila kumwagia magurudumu maji, kisha uendelee kwa gia ya pili. Kwenye gari la otomatiki, sogeza mkono wa gia kwenye L au 2 ili injini yenyewe izuie gari.

*Kadi imekataliwa.* Hii ndiyo sababu ya kubeba rupia. Mara nyingi ni benki ya nyumbani iliyozuia malipo ya nje ya nchi, hivyo waarifu kabla ya safari.

*Basi la kurudi halionekani.* Usisubiri hadi jua lizame. Ingia katika mgahawa au duka lolote kijijini na uombe wakuitie teksi; watu wa Chamarel wamezoea ombi hilo. Gharama itakuwa kubwa kuliko basi, lakini kushuka mlima kwa miguu gizani, kwenye barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, ni hatari.

*Onyo la kimbunga limetangazwa.* Morisi hutumia ngazi nne za onyo. Katika ngazi ya kwanza shughuli huendelea, ingawa ni busara kuahirisha safari ya mlimani. Ikifika ya pili, rudi hotelini mapema. Katika ya tatu na ya nne hakuna anayetoka nje, usafiri husimama, na hutatoka hadi serikali itangaze kwamba hatari imepita. Baada ya hapo subiri siku moja zaidi barabara isafishwe miti na mawe, kisha piga simu kuuliza kama lango limefunguliwa.